Uhuru wa kivinjari usiishie Ulaya, simu zipo hata Nyeri

KATIKA maduka ya simu mjini Nyeri, Karatina na Nanyuki, asiyemudu iPhone mpya hutafuta iliyokwisha kutumika. Akishaipata, aweza kupakua Chrome, Firefox na Opera, akadhani ana vivinjari vitatu tofauti.

Sivyo ilivyo. Nje ya Umoja wa Ulaya na Japan, kampuni ya Apple hulazimisha kila kivinjari katika simu hizo kutumia injini yake, WebKit, ambayo ndiyo husoma ukurasa wa tovuti na kuuonyesha kwenye kioo. Kinachobadilika zaidi ni sura ya nje.

Suala hili si la wataalamu pekee. WebKit huboreshwa pamoja na mfumo mzima wa simu. iPhone 7, iliyozinduliwa 2016, haikupata mfumo wa iOS 16 mwaka wa 2022. Tangu hapo, mwenyewe apakue kivinjari atakacho, injini ni ile ile ya iOS 15. Katika simu za Android, ambazo ndizo nyingi nchini, Firefox hutumia injini yake, Gecko, inayoweza kuboreshwa hata baada ya mtengenezaji kuisahau simu.

Gharama humwangukia mwananchi. Kuomba pasipoti kupitia eCitizen, kuwasilisha ripoti ya ushuru kwa iTax kabla ya Juni 30 na kuchagua kozi kupitia KUCCPS, yote hufanyika mtandaoni. Tovuti zikiundwa kwa kulenga injini mpya, mwenye simu kuukuu hulazimika kwenda kulipa katika saiba ilhali simu yake ingali nzima.

Apple hujitetea kuwa injini moja huwakinga watumiaji dhidi ya wadukuzi. Hoja hiyo ina uzito. Wapo pia wanaoonya kwamba mlango ukifunguliwa, Google, ambayo injini yake ya Blink inatawala kwenye kompyuta, itameza soko. Hata hivyo, mlango ulifunguliwa Ulaya Machi 2024 na Japan Desemba 2025, kwa masharti ya usalama. Ruhusa hiyo inawahusu wateja wa huko tu.

Kenya ina mfano wake. Hadi 2014, mawakala wa M-Pesa walizuiwa kuhudumia kampuni pinzani. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai mwaka huo Safaricom ikaliondoa sharti hilo. Wakala wa Karatina akawa huru kuhudumia mitandao miwili katika kibanda kimoja, na M-Pesa haikuporomoka.

Pengine soko la Kenya peke yake ni dogo mno kuitikisa Apple, lakini COMESA nayo ina tume ya ushindani, yenye makao Lilongwe. Taasisi hizo mbili zingeanza kwa kuuliza swali moja: kinachowezekana Paris na Tokyo, kinashindikana vipi Nyeri, ilhali simu ni ile ile na mwenyewe ameilipia?