Misri ni mbali, Bunkeya ni karibu

Wandugu, kila mara vijana wetu wanapotaka kutunga teatre juu ya wankambo, wanakimbilia Misri. Farao, piramidi, askari wa Thebes wenye kufukuza wageni. Mimi sisemi kama ni mbaya. Cheikh Anta Diop alitufundisha kama Misri ni mali ya Afrika, na ile ilituinua kichwa. Lakini mutu anayesifu wankambo wa mbali na hajue njia ya Bunkeya, anasifu nini?

Tuangalie namna Wamisri wenyewe walifanya. Mwaka 1944 Naguib Mahfouz alitoa kitabu juu ya wafalme wa Thebes wenye kufukuza Wahiksosi, karibu miaka 1550 mbele ya Kristo. Juu ya nini hadithi ya zamani vile? Juu wakati ule askari Waingereza walikuwa wangali katika inchi yake, na kila musomaji alifahamu. Mahfouz hakuenda mbali. Alichimba chini ya miguu yake mwenyewe. Tukitaka kumufuata, njo tuchimbe hapa.

Na hapa kuko nini? Kuko M'siri. Mwezi wa Desemba 1891 watu wa Stairs, waliotumwa kwa faida ya mufalme Léopold II, walifika Bunkeya. M'siri alikataa bendera yao. Tarehe 20 Kapiteni Bodson alimupiga risasi, akakufa. Bodson naye hakupona. Ile ni hadithi ndogo?

Lakini sasa njo ninabishana na wandugu wengine. Wakitunga juu ya M'siri, wanatuletea mutu mweupe kama pemba. Hawaseme kama alitoka kwa Basumbwa, upande wa Tanzania ya leo. Hawaseme kama aliuza watumwa pamoja na pembe na mukuba. Hawaseme kama mwaka ule ule wa 1891 Basanga walikuwa wamekwisha kumuasi. Kwa Musanga, Muhiksosi alikuwa nani? Na kiisha kifo chake, mwana wake Mukanda Bantu alisaidiana na serikali ya Wazungu kupiga Basanga, mpaka Mulowanyama, mukubwa wao, akafungiwa ndani ya pango pamoja na watu wake.

Wanajibu: "Acha, usifungue vidonda. Leo Bayeke na Basanga wanaoana." Mimi ninasema: njo juu ya ile! Hapa Katanga tuliona, mwaka 1992 na 1993, namna neno "mwenyeji" na neno "wa kuya" yalifukuza watu wa Kasai kwenye nyumba zao, wakalala kwenye gare pamoja na watoto, wakingoja treni. Hadithi yenye shujaa mumoja na adui mumoja inafundisha mutoto kugawanya watu: huyu wetu, huyu apana. Hadithi yenye kusema yote inamufundisha kama aliyeonewa leo, kesho anaweza kuonea.

Wengine wanasema kutunga juu ya historia ni uongo. Apana. Mwaka 1973 na 1974, hapa hapa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora picha karibu 100 za historia ya inchi yetu. Alichora hata wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi kwenye uwanja wa mupira tarehe 9 Desemba 1941. Yeye alizaliwa mwaka 1947, hakuyaona kwa macho. Lakini alijiita mwanahistoria, na alikuwa na haki. Kutunga maneno ya wafu si kosa. Kosa ni kuficha matendo yao.

Basi vijana, andikeni. Muulize wazee wa Bunkeya, kiisha muulize na wazee wa Basanga. Muwape wote nafasi ya kusema katika teatre moja. Na siku ile watoto wa M'siri na watoto wa Mulowanyama watakaa kwenye benchi moja kuiangalia, wakikasirika kidogo wote wawili, hapo tutajua kama kazi ilifanyika vizuri.