Ordinateri ya mchimbaji: tuanze na umeme

Kijana mmoja wa kikundi chetu, aliyemaliza ujana wake katika mashimo ya Rubaya, alirudi toka Goma na ordinateri nyuma ya pikipiki. Sanduku kubwa, kioo upande mmoja, taa nyekundu na za buluu ndani. Dola 420. Majirani wakajaa kuangalia sawa vile sinema. Siku ya tisa jenereta ya jirani ikapandisha umeme ghafula, harufu ikatoka, taa zikazima. Alimentasyo iliungua, ikaunguza na ile kadi kubwa inayobeba vipande vyote.

Simcheki. Mimi pia nimekwisha kudanganywa na jina lililobandikwa mbele ya mashine. Lakini kwetu Masisi na Walikale, mtu wa mfuko mdogo asianze kuuliza prosesere. Aulize kwanza: umeme wangu unatoka wapi?

Kuko kamarade wa sendika wanaosema ordinateri ni kitu cha matajiri, kaye inatosha. Niwakumbushe kaye yetu ya mwaka juzi. Mvua iliingia katika hema, wino ukatoka. Siku ya hesabu, mnunuzi akaleta kaye yake: kilo 212. Sisi tulikuwa na 231 katika kichwa. Katika kichwa tu! Tulilipwa 212, na deni la chakula likakatwa juu yake. Njo maana nataka kila kikundi kiwe na mashine moja katika nyumba ya mtu mwaminifu: tarehe, kilo, tenere, avansi, madeni. Mchana watoto wasomee, mama aandike mambo ya duka lake, jioni tuandike kilo.

Sasa mashine gani? Kama unatumia pano ya jua na betri, usichukue sanduku kubwa. Tafuta zile ndogo zilizotoka katika ofisi za ng'ambo: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Ukubwa wake ni kama wa Biblia nene. Inakula umeme kwa chaja sawa na ya laptopu, na ukiwa unaandika tu inatumia wati 10 mpaka 20 hivi, bila kuhesabu ekrani. Inaingia katika begi la mgongoni, na barabara zetu mnazijua.

Mtu atasema: juu ya nini usinunue laptopu, si iko na betri yake? Ni neno la kweli, na kwa mwalimu anayehama kila wiki sina ubishi. Lakini laptopu za okazyo zinatufikia na betri iliyokufa, na klavye ikiharibika, kazi yote inasimama. Katika ordinateri ya meza, klavye ikifa unanunua klavye, ekrani ikifa unaazima ya jirani.

Mimi nikiwa na dola 250, ningezigawa hivi: 130 kwa mashine, 40 kwa ekrani ya okazyo, 30 kwa disiki ya SSD, na 50 zote zinazobaki kwa onduleri. Wauzaji hawapendi hiyo 50, juu onduleri haina taa za rangi. Yule kijana angekuwa nayo, leo angekuwa na mashine. Bei zenyewe zinafuata barabara, ikifungwa zinapanda.

Kwa prosesere, usisome "i7" peke yake. Soma namba inayofuata. i5-6500 ni ya kizazi cha sita, i5-8500 ni ya nane. i7-2600 ni ya mwaka 2011, na kwa kazi nyingi za nyumbani i3-8100 inaishinda. Ukipata ya kizazi cha nane, chukua, kwa sababu Windows 11 haikubali rasmi zile za nyuma, na Microsoft iliacha kutengeneza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukipata ya sita kwa bei nzuri, pia chukua, weka Linux Mint. Ni ya bure, iko kwa Kifaransa, na LibreOffice yake inafanya meza za hesabu vizuri kabisa. Memwari iwe giga 8. Angalia tu: mashine hizi ndogo zinatumia memwari fupi ya laptopu, ile ndefu haiingii. Na disiki ya zamani inayozunguka, muachie muuzaji. SSD njo inayofanya mashine nzee iamke haraka.

Kuko jambo linaloniuma kidogo. Kasiterite ya Bisie, hapa Walikale, ikiyeyushwa njo bati linaloshika kila kipande juu ya kadi za ordinateri. Machi 2025, vita vilipokaribia Walikale-centre, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie, na bei ya bati ikapanda London mara moja. Huko wanahesabu kila tani yetu. Sisi tunabishana juu ya kilo 19 bila karatasi.

Swali lililobaki ni la kukimbia, na mama mmoja wa Masisi aliniuliza: siku tukitoka usiku, nani atabeba ordinateri? Hakuna atakayeibeba. Kwa hiyo mtu mmoja katika kila kikundi ajifunze kufungua kifuniko na kutoa SSD. Iko bapa, inatoshea mfukoni mwa shati. Na kila Jumamosi meza ya kilo inakiliwa kwenye flashi mbili, moja kwa katibu, moja kwa mke wa mtu asiye katibu. Sisi tumeanza wiki hii, na kazi ya kwanza ni kuandika upya zile 231, kila mtu akikumbuka gunia lake.