Pazia ni sisi
Jumanne jioni, kwenye nguzo ya umeme mkabala na shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, mtoto mdogo alikuwa akisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Kituo kizima cha daladala kikacheka. Konda mmoja akamgeukia dada wa mtoto huyo, naye yumo kwenye sare ya shule, akamwuliza kama ameelewa somo. Mama muuza vitumbua pekee ndiye aliyemfokea konda. Jicho la mtoto halina pazia, pazia ni sisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18. Konda yule anapima utoto kwa macho. Mwenye dawa kaandika namba yake ya simu kwa wino mwekundu, na mtendaji wa mtaa, anayejua kila genge lisilolipa ushuru, anasema wahusika hawajulikani.