Nasaba Haianzii Makavazini

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo hutajwa katika insha nyingi za utamaduni, ila aghalabu husahaulika kwamba mtu hawezi kuacha wala kushika asichokijua. Mwanafunzi wa Kiswahili mjini Kakamega atamtaja Mbwasho, mamake Fumo Liyongo, bila kusita, kisha akwame akiulizwa jina la mama wa babu yake mwenyewe.

Wanaoamua kufuatilia ukoo wao hukimbilia makavazi. Hilo si kosa, lakini nyaraka za kikoloni ziliandikwa kwa haja ya mtawala: kodi, kazi na kipande, nacho kipande kiliwahusu wanaume pekee. Jina Waluhya lenyewe lilienea katika miaka ya 1930 na 1940. Anayelitafuta katika kumbukumbu za miaka ya 1910 atakutana na Wabantu wa Kavirondo. Vitabu vya ubatizo vya parokia kongwe kama Mumias na Mukumu vina manufaa, ila havimsaidii mwenye jamaa wa Kaimosi: Waquaker waliofungua misheni huko mwaka 1902 hawabatizi kwa maji.

Waayalandi wana funzo katika jambo hili. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jumba la kumbukumbu la Dublin liliteketea pamoja na takriban sensa zote za mwaka 1821 hadi 1851. Tangu hapo, vizazi vya Waayalandi waliohamia Marekani na Australia hushauriwa kuanzia nyumbani: barua za kale, majina ya vijiji na kumbukumbu za wazee. Iwapo jamii yenye maandishi ya karne nyingi hurejea kwa wazee, mwana wa Kakamega ana udhuru gani?

Basi hapana budi kuanzia kwa nyanya, tena kwa lugha yake, iwe Luisukha, Luidakho au Lukabarasi. Aulizwe ukoo wa baba, ukoo wa mama na koo za nyanya wote wawili. Maadamu mila ya Waluhya hukataza kuoa katika ukoo wa baba au wa mama, ajuzi huyafahamu mahusiano hayo kuliko karatasi yoyote. Mtafiti atahadhari, kwa kuwa majina hurithiwa; babu na kitukuu wenye jina moja huweza kuunganishwa kimakosa wakawa mtu mmoja. Miaka nayo ipimwe kwa matukio, kama vile mbio za dhahabu za Kakamega zilizoanza mapema katika miaka ya 1930. Miongoni mwa Wabukusu, marika manane ya tohara huzunguka kwa takriban karne moja. Asiyeuliza ni Maina wa mzunguko upi huenda akakosea kwa miaka mia.

Yako makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kuorodhesha wanaume peke yao, kana kwamba ukoo ulijizaa. La pili ni kuigeuza nasaba kuwa upanga wa kuwaita jirani wageni wanapogombania ardhi. Utafiti wa mwanahistoria Gideon Were, uliochapishwa mwaka 1967, ulibainisha kuwa koo za Waluhya zina asili mseto, baadhi zikitokana na Wakalenjin na Wamaasai. Nasaba ikifuatwa kwa uaminifu, hubomoa majivuno ya damu safi.

Idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Wanafunzi hutumwa nyanjani kukusanya vitendawili na methali ambazo tayari zimejaa vitabuni, ilhali masimulizi ya koo zao hayajaandikwa popote. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi apewe zoezi la kurekodi nasaba ya vizazi vitano, kuinukuu katika lugha asilia na kuitafsiri kwa Kiswahili. Makavazi yatangoja hadi mwaka ujao. Nyanya hana hakika hiyo.