Miezi miwili ya kulinda ziwa? Tunakataa

Vijana wa Bunia, Kasenyi na Tchomia, tusikilizane.

Tarehe 29 mwezi wa 11, 2023, Korti ya Haki ya Afrika Mashariki ilitupa mashtaka ya mashirika 4 ya raia juu ya EACOP, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga. Korti haikusema kama mafuta hayatachafua maji. Ilisema tu: mumechelewa. Walishtaki 2020, eti walipaswa kushtaki 2017, wakati Uganda na Tanzania zilitia sahihi mapatano yao. Rufaa nayo ikaanguka mwezi wa 11, 2025.

Sasa sisi inatuhusu nini? Ziwa Albert halina ukuta katikati. Visima vya Kingfisher viko kwenye mwambao wa Uganda, vinachimbwa kuelekea chini ya ziwa lilelile ambalo wavuvi wetu wanatega nyavu. Maji yakichafuka hayataomba viza.

Na upande wetu? 2022 Kinshasa iliweka bloki 27 za mafuta kwenye mnada. 2024 ikafuta ule mnada. Kuanza, hawakutuuliza. Kufuta, hawakutuuliza.

Watasema: "Munapinga maendeleo, kisha munalia hamuna kazi." Ndiyo, tuko na diplome na tunaendesha moto. Kazi tunataka. Lakini mvuvi wa Tchomia tayari iko na kazi. Ukimunyanganya ziwa, umeongeza chomeur mwingine.

Wengine watasema basi tulete upepo, ni safi. Hata upepo uko na dosiye yake. Huko Marsabit, Kenya, raia walishtaki 2014 juu ya ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. 2021 Korti ya Meru ikasema hati za ile ardhi hazikufuata sheria. Lakini mitambo 365 ilikuwa imesimama zamani. Haki ilifika, ikakuta chuma.

Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Kifungu cha 30 cha mkataba wake kinaruhusu mukaaji yeyote wa nchi memba kushtaki serikali, lakini ndani ya miezi 2 tangu uamuzi ao tangu aujue. Raia wa Kasenyi atajuaje karatasi ya Kifaransa iliyofungiwa Kinshasa? Na katiba yetu, kifungu cha 24 na cha 53, inatupa haki ya habari na ya mazingira safi!

Tunadai:

1. Kila ruhusa ya mradi kwenye ziwa ibandikwe kwa komini, kwa chefferie na kwa vituo vya wavuvi, kwa Kiswahili, mbele ya kutiwa sahihi.

2. Uchunguzi wa mazingira usomwe kwa radio za hapa.

3. Wakuu wa nchi za Jumuiya warefushe ile miezi 2.

Wenye kusoma droit, mutuandikie. Dosiye ya Ziwa Albert tunaifungua leo, mbele ya mashine ya kwanza kufika Kasenyi.