Viti vya mbele ni vya nani?

Katika klasi zetu viti vya mbele wanapewa wafupi, ao wale wanaosumbua. Sisi tunaona desturi hii haifai. Kuko wenzetu ambao mwalimu anawaita mara mbili, mara tatu, wao kimya. Tunasema: huyu ana kiburi! Na azabu anapata. Kumbe sikio lake la ndani limeharibika.

Kule ndani kabisa kuko chembe zenye vinywele, karibu 15.000 kwa kila sikio. Ugonjwa wa meninjite, kelele nyingi, ao dawa kama streptomisini na jentamisini zinaweza kuziua, na kwa mtu haziote tena. Mafuta ya moto na majani ambayo watu wanatia katika sikio hayafike kule, yanaumiza bure. Lakini kama usikivu unapotea kwa ghafula, ukimbie kwa munganga siku ileile, maana pengine dawa ingali inaweza kusaidia.

Mwenzetu huyu anasikia sauti, ila maneno yanamponyoka. Katika dikte, «six» na «dix» kwake ni moja. Ukimpigia kelele, sauti inazidi, neno halieleweke. Aparei ya kusikia inasaidia, ingawa hairudishe sikio la zamani, na bei yake ni kali. Kiti cha mbele hakina bei. Tunaomba Bwana Prefe aulize katika kila klasi mwanzo wa mwaka, nao walimu wetu wasiseme huku wanaandika, mgongo kwetu na uso kwa ubao.