Mkutubi Wetu Naye Apewe Chama

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu Mashariki

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeiandika katika insha na kupewa alama, lakini siku ya kuitumia hatuikumbuki. Ndugu msomaji, leo nimeshika kalamu nikueleze juu ya kidole kimoja ambacho kimeachwa kivunje chawa peke yake katika shule yetu. Kidole hicho ni mkutubi wetu. Msimamo wangu ni kwamba shule imlipie ada ajiunge na chama cha wakutubi wenzake, ili akutane na wale wanaotunza kanda za video kama yeye. Sababu zangu nitazitoa moja baada ya nyingine.

Najua kuna atakayeguna, "Kanda za video! Kwani tuko mwaka gani?" Ngoja kwanza, usifunge ukurasa.

Nyuma ya rafu za kamusi kuna kabati la mbao. Wengi wetu hulipita tukikimbilia vitabu vya hesabu kabla ya kengele. Ndani yake mna kanda 63. Nyingine ni za masomo ya biolojia na jiografia, nyingine ni za tamthilia zilizoigizwa na makundi yanayozunguka mashuleni, na kanda 11 ni za shule hii yenyewe katika tamasha za drama. Mkutubi wetu, ambaye sisi humwita Mama Maktaba, aliajiriwa kutunza vitabu. Kanda alizikuta. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kuzitunza, wala hakuna mwenzake hapa wa kumuuliza.

Muhula wa pili mwaka jana tulikuwa tukijiandaa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 7 Julai. Chama chetu cha Kiswahili kikaomba kanda ya ngonjera ya mwaka wa 1998. Ngonjera hiyo ilitungwa na mwalimu aliyefundisha Kiswahili hapa zamani, ambaye sasa ni marehemu. Maandishi yake hayapo. Tumetafuta katika faili zote za chama, hakuna. Beti zile zilibaki katika kanda moja tu.

Kanda ilipotolewa, utepe wake ulikuwa na vumbi jeupe kama unga wa ngano. Mama Maktaba akapangusa gamba kwa leso. Mimi ndiye niliyeiingiza katika mashine, mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Tukaona picha kwa muda mfupi, wasichana waliovaa sare ya rangi hii hii yetu, mmoja ametangulia mbele akinyoosha mkono. Kisha ikaja mistari, kisha mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Tulipoutoa utepe ulikuwa umekunjamana na kukatika mahali pawili. Watu walicheka. Nami nilicheka, nakiri. Tena hatukukoma hapo. Tukaingiza kanda ya pili katika mashine ile ile, nayo ikatoka na vumbi lile lile jeupe.

Kesho yake maneno yalikuwa ni yale yale kila mahali, ati mkutubi ni mzembe.

Likizo ya Agosti ilipofika, Mama Maktaba alikwenda mwenyewe, kwa nauli yake, hadi maktaba ya umma mjini akaeleza yaliyompata. Mkutubi wa huko alimwambia jambo ambalo halikuchukua hata dakika tano. Lile vumbi jeupe ni kuvu. Kanda yenye kuvu haiingizwi kamwe katika mashine, kwa sababu kuvu huichafua mashine, na mashine huzichafua kanda zitakazofuata. Hutengwa, hukaushwa, kisha husafishwa na mtu anayejua kazi hiyo. Aliporudi alituambia, "Wanangu, mimi sikuambiwa." Hakusema zaidi. Sisi wote tuliangalia chini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo letu halikuwa uzembe. Lilikuwa upweke. Jambo lililotuharibia kanda lilikuwa linajulikana, tena na watu wengi, ila halikuwa na njia ya kufika hapa. Chama cha kazi ndicho njia hiyo.

Hebu tutazame wengine. Walimu wakuu wa shule za upili wana chama chao na mkutano wao mkubwa wa kila mwaka. Walimu wana vyama vyao. Madaktari wanacho chao. Hata ndugu zetu wa bodaboda pale steji wana chama, na mmoja akipata ajali wenzake ndio wa kwanza kufika. Iweje basi mtu anayetunza kumbukumbu za shule nzima ndiye asiwe na wa kumuuliza?

Tena kazi yenyewe si ya kubahatisha. Utepe wa video ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembechembe za sumaku, nazo zimeshikiliwa na kitu kama gundi. Joto na unyevu huilegeza gundi hiyo. Kanda hupenda mahali pakavu na baridi kiasi, zisimame wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine, na zisiwekwe karibu na spika kubwa kwa sababu spika ina sumaku ndani. Je, kabati letu liko wapi? Liko chini ya dirisha linaloingiza jua la mchana, na spika ya shule imewekwa juu yake! Hayo nimeyasoma hivi majuzi tu. Laiti yangejulikana mapema, spika ile ingehamishwa bila kutumia hata shilingi.

Jambo la pili ni mashine. Kanda za aina yetu, VHS, zilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1976. Kampuni ya Funai ya huko Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuunda mashine zake, iliacha mwaka wa 2016. Maana yake ni kwamba kila mashine inayokufa sasa haizai nyingine. Mwaka wa 2019 IASA, ambayo ni jumuiya ya kimataifa ya watunzaji wa rekodi za sauti na picha, ilitoa tahadhari pamoja na UNESCO. Wataalamu walionya kwamba kufikia mwaka wa 2025 hivi, kanda nyingi za sumaku zingekuwa ngumu mno kuchezwa, kwa kukosa mashine na watu wa kuzitengeneza. Mwaka huo tumekwisha ufikia. Mashine yetu ni moja, nayo tumeilisha kuvu. Shule jirani yaweza kuwa na mashine nzima isiyo na kanda. Nani atajua, ikiwa wakutubi hawakutani?

La tatu ni sheria. Kanda ya tamthilia ina wenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Mwalimu mmoja alipomwomba Mama Maktaba amnakilie kanda ampelekee rafiki yake wa shule nyingine, alikataa kwa hofu tu. Mwingine alipoomba kanda isiyo na mwenyewe ila shule yetu, alikataa vile vile. Mtu asiyejua mpaka uko wapi hufunga milango yote, au hufungua yote. Chamani angeuliza akajibiwa na watu waliokwisha pambana na swali hilo.

Sasa nirudi kwa yule aliyeguna kwamba video za kanda zimepitwa na wakati. Ngonjera yetu ya mwaka huu ilirekodiwa kwa simu. Iko wapi? Iko katika flashi moja, na flashi hiyo imekwisha zunguka katika kompyuta zote za shule ikikusanya virusi. Haina jina wala tarehe, wala hakuna daftari linaloonyesha nani anayo. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari huisha bila habari. Wanaotunza video kwa ujuzi husisitiza kuwa na nakala zaidi ya moja, na moja ikae jengo jingine kabisa. Sisi tumebadilisha chombo, lakini utunzaji ni ule ule wa zamani. Kanda ile ilidumu tangu mwaka wa 1998. Flashi hii sijui kama itafika siku ya kufunga shule.

Kuna wanaosema pia, "Miongozo iko bure katika intaneti, ada ya nini?" Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Ni kweli IASA imetoa mwongozo wa kushika na kuweka kanda, na mwingine wa kuhifadhi video, na yeyote aweza kuisoma bure. Lakini miongozo hiyo imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, tena inazungumza juu ya vyumba vyenye mitambo ya kupoza hewa. Sisi tuna dirisha na pazia. Karatasi haiwezi kuulizwa, "Mimi nina pazia tu, nifanyeje?" Mwenzako aliye na pazia kama lako ndiye atakujibu.

Basi ajiunge na chama kipi? Nchi nyingine zimepanga jambo hili vizuri. Chama cha Maktaba cha Marekani, kilichoundwa mwaka wa 1876, kina kikundi maalum ndani yake cha wakutubi wa filamu na video. Kuna pia FIAF, shirikisho la hifadhi za filamu lililoanzishwa Paris mwaka wa 1938, lakini hilo ni la taasisi, si la mtu mmoja mmoja. IASA hupokea taasisi na watu binafsi pia. Hapa kwetu mlango wa karibu ni Chama cha Wakutubi cha Kenya, ambacho mizizi yake ni chama cha wakutubi wa Afrika Mashariki kilichoanza mwaka wa 1956. Maoni yangu ni kwamba aanzie nyumbani. Akiisha kuingia, awatafute wenye makabati kama letu, hata wakiwa watano, wawe na kikundi chao mle ndani.

Wala tusidhani kwamba shule ya kutwa kama yetu haina la kuchangia. Shirika kubwa la BBC la Uingereza lilifuta kanda nyingi za vipindi vyake katika miaka ya 1960 na 1970, kwani kanda zilikuwa ghali na zilitumiwa tena. Baadaye likaanza kutafuta nakala duniani kote. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya mchezo wa Doctor Who, vilivyokuwa vimepotea, vimepatikana Jos, nchini Nigeria, katika stoo ya kituo cha runinga. Kilichopotea London kilikuwa kimekaa kimya Afrika! Pengine ngonjera yetu ya 1998 ina nakala katika shule nyingine iliyoshindana nasi mwaka ule. Pengine sisi nasi tuna kanda inayotafutwa na wengine. Hatutajua mpaka watunzaji waongee.

Mama Maktaba aliomba ada hiyo muhula wa tatu. Jibu lilikuwa kwamba hakuna fungu la jambo kama hilo. Kwa heshima zote kwa walimu wetu na halmashauri ya shule, naomba jibu hilo lifikiriwe upya. Karo ni kidogo na mahitaji ni mengi, hilo tunalijua, maana wazazi wetu ndio wanaoitafuta. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hauna fundi. Kitabu kikipotea hununuliwa kingine. Sauti ya mwalimu marehemu haiuzwi dukani.

Nimekipendekezea chama chetu, na wengi wameunga mkono, kwamba faida ya jarida hili iende katika ada ya mwaka wa kwanza. Hata nakala hii uliyoshika imekwisha saidia. Shule nayo iahidi mwaka wa pili. Mama Maktaba akirudi kutoka mkutanoni, atufundishe wawili au watatu, ili siku akistaafu ujuzi usiondoke na mkoba wake.

Kanda ile iliyokatika hakuitupa. Ameitia katika bahasha peke yake, akaandika juu yake tarehe na jina la ngonjera, akaitenga na zile nyingine. Utepe uliokatika huungwa na anayejua. Kanda nyingine 10 za shule hazijafunguliwa tangu siku ile, zinangoja. Spika tumeihamisha sisi wenyewe, Ijumaa moja baada ya masomo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuibeba.

Kucheka nilicheka, sasa nimeandika. Aliye na masikio na asikie. Naomba niishie hapo.